Barabara ya Jumapili: Jinsi Bogotá Ilivyowarudishia Watu Njia

Kwetu tunasema "barabara imefungwa." Trafiki anasimama katikati, anainua mkono, na dereva wa daladala anachungulia dirishani kuuliza ni mkubwa gani anapita leo. Imefungwa, maana yake magari hayapiti. Lakini hebu tujiulize, ndugu msomaji: imefungwa kwa nani? Mtoto wa mtaani aliyekopa baiskeli ya kaka yake, na ambaye siku zote anajifunzia uchochoroni kwa kuogopa kugongwa, kwake yeye hiyo ndiyo saa pekee ambayo barabara imefunguliwa.

Kuna mji mmoja duniani ambao vijana wake walilichukua neno hilo wakaligeuza kichwa chini miguu juu. Mji wenyewe ni Bogotá, mji mkuu wa Kolombia, huko Amerika ya Kusini. Kila Jumapili na kila sikukuu ya taifa, kuanzia saa 1 asubuhi mpaka saa 8 mchana, barabara kuu za mji huo huzuiwa magari na kuachiwa watu wa baiskeli, wa mguu, wa viatu vya magurudumu, na akina mama wanaosukuma vigari vya watoto. Urefu wake kwa jumla unapita kilomita 120. Wenyewe wanaiita Ciclovía, yaani njia ya baiskeli. Desemba 2024 ilitimiza miaka 50 tangu jaribio la kwanza.

Mtu ataniuliza: kwa nini twende mbali hivyo? Sababu ninayo. Ukizungumzia baiskeli mbele ya watu wetu, mfano unaotajwa mara moja ni Uholanzi, na jibu linakuja papo hapo: "Aa, wale ni matajiri bwana, wana hela ya kujengea kila kitu." Mazungumzo yameishia hapo. Bogotá inatunyang'anya udhuru huo. Ni mji wenye vitongoji vya mabanda vilivyopanda vilimani, wenye wizi, wenye mabasi yaliyokuwa yakigombania abiria kama daladala zetu, na nchi yake imepita katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kwa miongo mizima. Kama jambo hili liliwezekana pale, basi sisi tutafute sababu nyingine ya kukaa kimya.

Mtaa wa Saba

Bogotá iko juu sana, mita 2,600 hivi kutoka usawa wa bahari. Upande wa mashariki imeegemea milima, na upande wa magharibi kuna uwanda mpana wa tambarare. Mji ulikua ukifuata milima hiyo, kutoka kusini kwenda kaskazini, na barabara iliyoshika uti wa mgongo wake inaitwa Carrera Séptima, yaani Mtaa wa Saba. Anayetaka kuijua historia ya mji huo na aujue mtaa huu kwanza.

Mwaka 1884 tramu za kwanza za Bogotá zilipita hapo zikikokotwa na nyumbu. Baadaye, mwaka 1910, zikaanza kuendeshwa kwa umeme. Tarehe 9 Aprili 1948, mchana, mwanasiasa Jorge Eliécer Gaitán, aliyependwa mno na maskini, alipigwa risasi akaanguka kwenye mtaa huohuo wa Saba. Mji ulilipuka kwa hasira. Maduka yalivunjwa, majengo ya serikali yakachomwa, na tramu nazo zikateketea barabarani. Kufikia mwaka 1951 tramu hazikuwepo tena. Nafasi yake ilishikwa na mabasi ya watu binafsi, na nyuma ya mabasi yakaja magari madogo ya wenye uwezo.

Wakati huohuo watu walikuwa wakimiminika kutoka mashambani wakikimbia mauaji. Mwaka 1951 Bogotá ilikuwa na watu laki 7 hivi. Sensa ya mwaka 1973 ilikuta wamekaribia milioni 3. Fikiria mji unaoongezeka mara nne katika miaka 22. Barabara zilipanuliwa kwa ajili ya magari, njia za waenda kwa miguu zikageuzwa maegesho, na aliyekuwa hana gari akabaki kupenya pembeni kama mwizi katika mji wake mwenyewe.

Baiskeli lakini ilikuwa na heshima yake kwa Wakolombia, na heshima hiyo ilitoka milimani. Mwaka 1950, watu walipokuwa wakibishana kama inawezekana kweli kufanya mashindano ya kuzunguka nchi yenye barabara za matope na milima ya kutisha, kijana mmoja kutoka mji wa Zipaquirá, kaskazini ya Bogotá, alipanda baiskeli yake akaivuka milima ili kuthibitisha kwamba inapitika. Jina lake Efraín Forero. Mwaka uliofuata, 1951, mashindano ya Vuelta a Colombia yalifanyika kwa mara ya kwanza na mshindi akawa Forero huyohuyo. Tangu hapo kila mtoto wa Kolombia alikuwa na shujaa aliyepanda baiskeli. Shujaa anashangiliwa redioni, lakini fundi seremala anayepanda baiskeli kwenda kazini anapigiwa honi na kutukanwa. Chombo ni kilekile kimoja.

Tunalijua jambo hili. Neno bodaboda, kabla halijawa la pikipiki, lilikuwa la baiskeli: wale vijana wa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, waliobeba abiria na mizigo kutoka boda moja hadi boda nyingine. Tuliwachukulia kuwa watu wa shida tu. Hakuna aliyeona kwamba walikuwa wanaanzisha usafiri ambao leo umejaa Afrika Mashariki yote.

Saa chache za Desemba

Sasa tufike mwaka 1974. Dunia ilikuwa imetikiswa na bei ya mafuta. Mjini Bogotá palikuwa na kikundi cha vijana waliopenda baiskeli, na mmoja wao alikuwa msanifu majengo Jaime Ortiz Mariño, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya masomo Marekani. Huko alikuwa ameona miji iliyojengwa kwa kipimo cha gari, na hakupenda mji wake uende njia hiyo.

Walichofanya ndicho ninachotaka mwanafunzi wa historia akitazame vizuri. Hawakuanza kwa kudai wajengewe njia. Waliomba waazimwe. Jumapili ya tarehe 15 Desemba 1974, kwa idhini ya wakuu wa jiji, Mtaa wa Saba na Mtaa wa 13 zilizuiwa magari kwa saa chache tu. Watu wapatao 5,000 wakatokea na baiskeli zao. Ilikuwa maandamano, lakini maandamano ambayo hakuna aliyerusha jiwe. Waliandamana kwa kupiga pedeli.

Ukitaka kujua uzito wake, kumbuka yale ya 1948. Mtaa uleule ambao umati ulikuwa umeujaza kwa moto na damu, miaka 26 baadaye ulijaa watu wenye watoto nyuma ya baiskeli. Sisemi kwamba kidonda kilipona siku hiyo. Vita vya Kolombia viliendelea kwa miaka mingi. Ninachosema ni kwamba watu waliona kwa macho yao kuwa mtaa unaweza kujaa umati na bado kila mtu akarudi kwake salama. Kwa mji ule, hilo halikuwa jambo dogo.

Mwaka 1976 meya Luis Prieto Ocampo alitia saini amri namba 566 na 567, na Ciclovía ikaingia kwenye sheria za mji. Hapo pana somo la pili. Tamasha la siku moja linapendeza, watu wanapiga picha, kesho yake limesahaulika. Amri iliyoandikwa inabaki kwenye faili, na faili hata likilala miaka 10, akija mtu mwenye nia ataliamsha.

Na kweli lililala. Kwanza lilipata nguvu: kati ya 1982 na 1984, chini ya meya Augusto Ramírez Ocampo, njia zilipanuliwa zikafika kilomita 54. Halafu mameya wakabadilika, waliokuja hawakujali, trafiki nao wakaona ni kazi ya ziada ya Jumapili. Kipande kimoja kikakatwa leo, kingine kesho. Kufikia mwaka 1995 zilizobaki hazikuzidi kilomita 20 hivi. Hakuna aliyesimama jukwaani kutangaza kwamba Ciclovía imekufa. Mambo mema ya mji huwa hayauawi, bwana; hunyimwa chakula.

Waigizaji kwenye makutano

Mwaka 1995 Bogotá ilipata meya wa ajabu, Antanas Mockus, mwalimu wa falsafa na hesabu ambaye hakuwa na chama kikubwa nyuma yake. Mtu huyu aliamini kwamba watu wengine hawaogopi faini lakini wanaogopa kuchekwa. Akawaweka kwenye makutano waigizaji wa bubu, wale wanaopaka nyuso rangi nyeupe na kuigiza bila kusema neno. Dereva akisimama juu ya alama za pundamilia, mwigizaji anamwiga mbele ya umati, watu wanaangua kicheko, dereva anarudi nyuma kwa aibu. Raia wakapewa kadi, upande mmoja kidole gumba juu, upande mwingine kidole gumba chini, wakaonyeshana barabarani badala ya kutukanana.

Utasema huo ni mchezo wa kuigiza. Ulikuwa mchezo, lakini haukuwa peke yake. Pamoja na hatua nyingine nyingi za miaka ile, za sheria, za polisi na za ujenzi, vifo vya barabarani mjini Bogotá vilishuka kutoka zaidi ya 1,300 mwaka 1995 mpaka chini ya 700 mwaka 2003. Ni mamia ya watu kwa mwaka waliokula chakula cha jioni nyumbani kwao badala ya kulazwa kwenye jeneza.

Katika serikali hiyo ya Mockus, idara ya michezo, burudani na bustani za jiji alipewa Guillermo Peñalosa, ambaye wengi wanamwita Gil. Ciclovía ilitolewa kwa watu wa trafiki ikahamishiwa kwenye idara yake. Kwa karatasi ni uhamisho wa ofisi tu, lakini tazama matokeo. Kwa trafiki, Jumapili ilikuwa tatizo la msongamano. Kwa watu wa michezo, Jumapili ilikuwa kazi yenyewe. Katika muda usiozidi miaka 2 njia zikapita kilomita 80, na ziliendelea kukua. Pembeni yake, viwanjani, yakaanzishwa mazoezi ya viungo kwa muziki, mwalimu juu ya jukwaa na umati chini ukiruka naye bila kulipa hata senti. Hayo waliyaita Recreovía.

Inavyoendeshwa

Msomaji wa mjini atataka kujua: sasa magari yanapita wapi? Barabara nyingi kubwa za Bogotá zina njia mbili zilizotenganishwa katikati. Jumapili upande mmoja unaachiwa watu, na upande wa pili magari yanapishana. Kwa hiyo mji hausimami. Pale njia ya watu inapokatana na barabara ya magari, wanasimama waongozaji wenye sare, wengi wao vijana, na wengine wakizunguka kwa baiskeli huku wamebeba vifaa vya huduma ya kwanza. Zamu yao ni kuwasimamisha watu magari yapite, kisha kuyasimamisha magari watu wapite. Wanafunzi wa sekondari nao huja kusaidia, kwa sababu nchini Kolombia mwanafunzi hahitimu bila kutimiza saa za kuihudumia jamii.

Pembezoni yupo fundi mwenye pampu na viraka, yupo muuza juisi ya machungwa, yupo mama wa matunda yaliyokatwa. Zipo riziki za watu humo. Na gharama? Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kwamba Ciclovía ya Bogotá iligharimu dola 6 hivi za Marekani kwa mtumiaji mmoja kwa mwaka mzima. Kwa sababu hakuna kilichojengwa. Lami ilikuwepo tayari. Kilichobadilishwa ni saa na ruhusa.

Lakini jambo lililo kubwa kuliko gharama ni hili. Bogotá ni mji uliogawanywa kwa madaraja. Kila nyumba imewekewa namba kuanzia 1 mpaka 6 kwa ajili ya malipo ya maji na umeme: namba 1 na 2 ni za wanyonge, na nyingi ziko kusini, 5 na 6 ni za wenye nazo, na nyingi ziko kaskazini. Mtu anaweza kuulizwa namba yake kama anavyoulizwa kabila. Sasa Jumapili njia ya Mtaa wa Saba inaanzia kwa hawa na kufika kwa wale. Kijana wa kusini mwenye baiskeli ya kuungaunga anampita mkurugenzi wa benki mwenye baiskeli ya bei ya gari, na mkurugenzi hana la kufanya ila kukaza miguu. Sidanganyi kwamba saa 8 mchana wanakwenda kula pamoja. Ila kwa saa 7 walau wameonana.

Njia zinazopendwa, na namna ya kurudi mzima

Mwenye familia huwa anakaa kwenye tambarare. Mtaa wa Saba, Mtaa wa 15 wa kaskazini, na barabara ya Calle 26 ni njia za kupiga pedeli taratibu. Kituo kinachopendwa ni bustani kubwa ya Simón Bolívar, yenye ziwa na nyasi, ambamo watoto huachiwa wakimbie wakati wazazi wanapumua.

Wenye damu moto wanaelekea milimani. Mashariki ya mji ipo barabara ya kwenda mji mdogo wa La Calera, na kilele chake kinaitwa Alto de Patios. Ni kilomita 6 hivi za kupanda tu, mpaka karibu mita 3,000. Asubuhi na mapema utawaona mamia wanahema kama mivukuto ya mhunzi. Hapa lakini hapafungwi kama kule mjini. Magari yapo, na ndipo penye hatari.

Hapa tuzungumze kidogo juu ya usalama, maana historia isiyomsaidia mtu kufika nyumbani ina upungufu. Uzoefu wa njia kama hizi unafundisha mambo yanayofaa popote.

Kwanza, hatari kubwa iko kwenye makutano. Mtu amepiga pedeli nusu saa bila gari, amesahau kwamba magari yapo, anafika kwenye njia panda akiwa katika mwendo uleule. Ukiona mwongozaji ameinua ubao wa kukusimamisha, simama. Usimbishie eti wewe mwepesi.

Pili, mwenye kasi ndiye mwenye wajibu. Njia ya Jumapili si uwanja wa mashindano. Mtoto anaweza kugeuka ghafla, mzee anaweza kusimama kufunga kamba ya kiatu. Kwao magari hukaa kulia, kwa hiyo wa polepole hukaa kulia na wa haraka hupita kushoto. Kwetu ni kinyume chake. Piga kengele kabla ya kupita, sio wakati unapita.

Tatu, kupanda kunachosha lakini kushuka ndiko kunakoua. Kabla ya kuteremka mlima kagua breki zote mbili, pedi zake na nyaya zake. Punguza mwendo kabla ya kona, usingoje uwe ndani yake. Kofia ngumu ifungwe kidevuni. Ile iliyotundikwa kwenye usukani hailindi kitu.

Nne, basi lililosimama ni la kuogopwa kama linalokwenda. Egan Bernal alikulia Zipaquirá, mji uleule wa Forero, na mwaka 2019 akawa Mkolombia wa kwanza kushinda Tour de France. Tarehe 24 Januari 2022 alikuwa mazoezini kwenye barabara kuu ya Gachancipá, kaskazini ya Bogotá. Basi lilikuwa limesimama pembeni. Bernal, akiwa ameinamia baiskeli katika mwendo mkali, aligonga nyuma yake. Alivunjika mifupa kama 20, mapafu yakatobolewa, uti wa mgongo ukaumia. Ni bahati na kazi ya madaktari iliyomrudisha kwenye baiskeli. Ikiwa bingwa wa dunia nzima halioni basi lililosimama, sisi tunaokodi baiskeli ya kibaiskeli cha jirani tuinue macho.

Kolombia ilikwisha kuandika mengine kwenye sheria. Mwaka 2002 sheria ya barabarani iliwataka waendesha baiskeli kuvaa kofia, na kizibao cha kung'aa usiku. Mwaka 2016 ikatoka sheria nyingine inayomtaka dereva anayeipita baiskeli aache nafasi ya mita 1.5. Sheria hiyohiyo ikampa mtumishi wa serikali nusu siku ya mapumziko yenye malipo kwa kila mara 30 anapokwenda kazini kwa baiskeli. Tazama, sheria ya kwanza inamwonya mnyonge, ya pili inamwonya mwenye nguvu. Katika nchi nyingi tunaishia kwenye ile ya kwanza.

Na Jumatatu je?

Wapo watakaosema, na wana haki: Jumapili ni raha ya wenye nafasi. Yule fundi wa kusini anayekwenda kazini saa 11 alfajiri hana habari na viatu vya magurudumu. Jumatatu anarudi palepale, kati ya lori na ukingo wa mtaro.

Hoja hii ni nzito, na historia ya Bogotá inaijibu nusu. Mwaka 1998 ndugu yake Gil, Enrique Peñalosa, alikuwa meya kwa miaka 3. Aliweka vigingi kwenye njia za waenda kwa miguu ili magari yasiegeshwe juu yake, na wenye magari na maduka wakawaka moto, wengine wakataka ang'olewe madarakani. Alijenga njia za kudumu za baiskeli, zaidi ya kilomita 200, na Desemba 2000 akafungua mabasi ya mwendo kasi ya TransMilenio. Safari za baiskeli, ambazo zilikuwa chini ya 1 kwa kila 100 katika miaka ya 1990, kufikia 2019 zilikuwa 6 au 7 kwa kila 100. Na mwaka 2020, wakati wa korona, meya Claudia López alipopanga koni za plastiki barabarani na kutenga zaidi ya kilomita 80 za ziada kwa muda mfupi, watu hawakuuliza "hii ni nini?" Walikuwa wameishi nayo Jumapili kwa miongo mingi. Jumapili ilikuwa darasa la Jumatatu.

Nusu nyingine haijajibiwa. Waendesha baiskeli bado wanauawa Bogotá. Baiskeli zinaibiwa, wakati mwingine kwa kisu. Wanawake bado ni wachache kuliko wanaume siku za kazi, kwa hofu ya giza na ya wahuni. Atakayekuambia Bogotá ni peponi anakuuzia kitu.

Mbegu imefika kwetu

Mbegu hiyo imeshavuka bahari. Kigali ilianza siku zake bila magari mwaka 2016, watu wakakimbia na kupanda baiskeli vilimani mwao. Addis Ababa ikaanza ya kwake mwaka 2018. Dar es Salaam, mabasi yaendayo haraka yalipoanza kubeba abiria mwaka 2016, yalikuja na umbo tunalolijua kutoka TransMilenio, pamoja na njia ya baiskeli kandokando ya Barabara ya Morogoro. Njia ipo. Pikipiki nazo zimeshaigundua. Nairobi ilitangaza mwanzoni mwa 2019 kwamba katikati ya jiji patakuwa na siku bila magari, kisha jambo likaahirishwa kabla halijaanza.

Mnaona tofauti? Bogotá nayo iliahirisha, ilipunguza, ilisahau. Kilichoiokoa ni kwamba kulikuwa na amri kwenye faili, idara yenye jina la kazi hiyo, vijana wenye sare kwenye kila njia panda, na, juu ya yote, watu walioona kwamba Jumapili ile ni mali yao. Mwanasiasa aliyetaka kuipunguza saa zake alikuta anagombana na bibi wa mtu anayefanya mazoezi saa 5 asubuhi. Kugombana na bibi huyo si mchezo.

Kwa hiyo sisi vijana wa mjini, na hasa sisi tunaoshika kalamu, tuanze na dogo kama wenzetu wa 1974. Mtaa mmoja, Jumapili moja, saa 3. Barua kwa ofisi ya kata na nakala kwa mkuu wa trafiki. Iandikwe kwa adabu, itaje mtaa wenyewe, saa yenyewe, magari yatazungukia wapi, na nani atasimama kwenye makutano. Wakikataa, andika tena. Wakikubali, andika kilichotokea: nani alikuja, nani alikasirika, muuza maji aliuza chupa ngapi, mtoto gani alijifunza kusimamisha baiskeli bila kuanguka. Mitaa yetu ina historia lakini haijaandikwa, na barua hiyo itakuwa ukurasa wake wa kwanza.